Mama Mkwe Nje ya Pazia

Mama mkwe wangu alipofariki na matanga yakaisha, wanawake wa boma lile la Katito walifungua sanduku lake la bati ili wagawane nguo. Mimi nilikuwa nimekaa mbali, chini ya turubai ambalo lilikuwa bado halijateremshwa, nikinywa chai na wakwe wenzangu, maana mkwe wa kiume hana kazi kwenye sanduku la mama mkwe. Mara nikasikia kicheko. Si kile kicheko cha watu waliochoka kulia, bali kicheko chenyewe, cha kushika mbavu. Mke wangu Risper akatoka mlangoni ameshika leso ndefu kupita kiasi, imepauka, ina mshono katikati, akaipunga hewani kama anayesimamisha gari. "Fundi!" akaniita mbele ya wazee wote. "Njoo uone kazi yako!" Niliutambua mshono ule kabla sijasimama. Mimi ni fundi wa nguo, na mishono yangu naijua hata ikiwa mgongoni mwa mtu anayepita upande wa pili wa barabara. Sikujua kama Dana, yaani nyanya kwa Kiluo, kama tulivyomwita mama yule, alikuwa ameitunza leso ile miaka yote hiyo. Nilicheka pamoja nao, kisha nikalazimika kugeuka upande, nikajifanya napangusa miwani.

Mshono ule niliushona mtaani Migosi, Kisumu, mwaka binti yetu Akoth alipozaliwa. Watu wengine ukiwauliza mwaka uliowafanya kuwa watu, watakutajia mwaka wa mtihani au mwaka wa harusi. Mimi hutaja mwaka sista wa wodi aliponivua shati akaniambia nikae hivyo hivyo. Tulikuwa tumepanga chumba na kisebule kwenye ploti moja ya mabati. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia la maua, cherehani ya kukanyaga ilikuwa dirishani, na mlangoni palining'inia pazia jingine, la bluu, nililolishona kwa mabaki ya sare za shule. Nje kulikuwa na uwanja wa saruji, bomba la maji na kamba za nguo. Ukuta kwa ukuta nasi aliishi Mama Violet, Mmaragoli wa kukaanga mandazi, ambaye alizungumza kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba. Kabla sijanawa uso nilikuwa nimeshajua bei ya mafuta ya kupikia na nani amegombana na nani kwenye kwaya. Risper alisema tungeuza tu redio, haina kazi.

Akoth alikuja mapema kuliko tulivyomtarajia, kwa upasuaji, mvua ikipiga mabati ya wodi, na ndiyo sababu akaitwa hivyo, wa mvua. Alikuwa mwepesi kuliko paketi ya unga ya kilo mbili. Sisemi mzaha, nililinganisha kwa mikono yangu. Kidonda cha Risper nacho kikagoma kupona, kikafunguka, na daktari akamkataza kuweka kitu chochote tumboni wala kifuani ila kumnyonyesha mtoto akiwa amelala ubavu. Hapo ndipo sista aliponigeukia. "Baba, hii mtoto ni kama kifaranga," akasema. "Inataka joto ya mtu, si ya blanketi. Ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Toa shati." Nikamuuliza, "Mimi?" Akanitazama juu hadi chini. "Kwani ni nani mwingine ako hapa?" Tulipokuwa tunatoka akanipa na sharti: kila Alhamisi nimlete apimwe. Akiwa amepanda uzito, atakaa nyumbani. Akiwa ameshuka, au amepoa mwili, atarudi kwenye mashine ya joto, na hapo, alisema, tuanze kuomba. Nilifika Migosi nimemshika kifuani kwa mikono miwili, siwezi kula, siwezi kujikuna, siwezi hata kumpa mke wangu kikombe cha maji. Niliogopa. Kila aliponyamaza kidogo nilimpulizia usoni nione kama atakunja pua.

Habari ikafika Katito, na kesho yake Dana akafika Migosi, na kuku kwapani na chombo cha nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mkononi. Hakuingia kwetu. Kwetu Waluo mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Mama haingii nyumbani mwa mkwe ovyo, hali humo, halali humo, wala hawatazamani usoni, na hilo ni heshima, si ugomvi. Sasa fikiria mkwe mwenyewe hana shati! Juu ya hayo alikuwa na kikohozi, na sista alikuwa amesema mwenye kikohozi asimsogelee mtoto kabisa. Basi alipokewa kwa Mama Violet, akapewa godoro huko, na mchana akawa anaketi kwenye stuli kando ya mlango wetu, mgongo wake ukigusa pazia la bluu, uso ukitazama bomba. Mtoto akiguna ndani, yeye huko nje anaitikia. Nilimsikia akimwambia mwenyeji wake, "Nimebeba watoto mpaka mgongo ikaisha, Mama Violet. Lakini hii moja naibeba na masikio tu." Alisema kwa kucheka, kisha akalisogeza sikio karibu zaidi na pazia.

Hakuwa mtu wa kukaa bure. Aliamua atanifundisha kumfunga mtoto kifuani kwa leso, na atanifundisha akiwa nje, bila kuniona. Mdomo utakuwa wake, mikono itakuwa ya Mama Violet, ambaye si mkwe wa mtu yeyote kwetu na anaweza kunishika apendavyo. Akatoa leso mpya kwenye kiondo chake, na Mama Violet akaniletea. "Dana amesema hii ni ya mtoto," akasema, kisha akakimbilia mafuta yake yaliyokuwa motoni. Sasa, anayenunua leso anajua kwamba huuzwa pea, mbili zimeungana kama shuka moja refu, na mwenyewe huipeleka kwa fundi aikate katikati na kukunja pindo. Mimi nilikuwa nimekata leso za nusu ya Migosi. Mtoto alikuwa ananyonya kitandani kwa mamake, mikono yangu ilikuwa huru, leso haijakatwa iko mbele yangu. Hata sikufikiri. Makasi yakapita katikati, nikaketi kwenye cherehani, pindo zikanyooka kama rula.

Huko nje Dana akasikia cherehani. "Orwa anashona nini?" akauliza. Orwa, kwa Kiluo, ni mkwe wetu. Hakuwahi kunitaja kwa jina. Mama Violet akachungulia. "Anakunja pindo. Ameikata leso." Dana akadakia, "Ameikata?" "Ndiyo, katikati. Imetoka mbili, safi sana." "Yawa!" Dana akapiga kelele mpaka watu wakatoka vyumbani. "Mwambie hiyo leso ilikuwa irefu kwa sababu yeye ni mwanaume! Nilitaka izunguke hiyo kifua yake mara mbili! Nani alimwambia akate?" Mama Violet alicheka mpaka mandazi yakaungua. Risper kitandani alikuwa ameshika kidonda kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anasema, "Acheni kunichekesha, nitafunguka tena!" Nikajaribu kujifunga nusu ile ya leso. Ncha zake zilikutana mgongoni kwa shida, fundo halikushika.

Mtu mwingine angeomba radhi na kuuliza afanye nini. Mimi nina kiburi cha kazi yangu. Nikajiambia, kama nimeweza kushona suti ya mchungaji mwenye tumbo lile, nitashindwa na mtoto wa ukubwa huu? Nilichukua vile vipande viwili nikashona mfuko. Mfuko wenye mikanda ya mabegani, vifungo viwili na bitana ya flaneli ndani. Haki, ulipendeza. Risper mwenyewe alisema nikiuza mifuko ile mjini tutahama ploti. Kwa Dana hatukusema kitu, tulitaka aone matokeo. Asubuhi nikamtia Akoth mfukoni, nikafunga vifungo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nikanywa chai kwa mikono yangu miwili. Risper alikuwa amesinzia. Mtoto alikuwa anashuka polepole ndani ya mfuko, kama sarafu kwenye mfuko wa koti, mgongo unajikunja, kidevu kinalalia kifua chake mwenyewe. Mimi nikaona amelala, nikafurahi. Nikachovya andazi.

Nje Dana na Mama Violet walikuwa wanachambua omena kwenye uteo na kusengenya. Watoto wa namna ile huwa na sauti yao ndogo ya puani, na Dana alikuwa akiisikiliza kutwa nzima kupitia pazia. Nikasikia maneno ya umbea yamekatika. "Mbona mtoto amenyamaza?" akauliza. "Amelala, Mama," nikajibu. "Hapana," akasema. "Kulala ina sauti." Kabla sijaweka kikombe chini pazia lilikuwa limefunguka. Dana aliingia ameziba mdomo kwa kitambaa chake cha kichwa, hakunitazama mimi wala kifua changu, alitazama mfuko tu. Akaingiza kidole, akainua kidevu cha mtoto, kisha akamchomoa mzima mzima na vifungo vikaruka. Midomo ya Akoth ilikuwa imeingia rangi ya majivu. Dana akamlaza kwenye mkono wake, shingo imenyooka, akamsugua mgongo kwa kiganja. Akoth akavuta pumzi, akakunja uso kama bibi kizee aliyekosewa, akalia. Nimesikia kwaya nyingi maishani. Hakuna iliyonifurahisha kama kilio kile, nikakaa sakafuni.

Alisimama pale katikati ya nyumba yangu, amemshika mjukuu wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa anakizuia kikohozi mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na machozi yanamtiririka juu ya kitambaa. Alimpa Risper mtoto, akatoka, akakohoa chote kwenye bomba. Ploti nzima ilikuwa imesimama. Mama mkwe ameingia kwa mkwe, mkwe hana shati, na mashahidi ni wengi. Jambo kama hilo wazee wanaweza kuliitia kikao. Dana akarudi kwenye stuli yake, akageuza mgongo kwenye pazia, akavuta uteo wa omena. "Mimi sijaingia," akasema. "Mtoto ndiye alitoka." Mama Violet akatazama kushoto, akatazama kulia. "Hata mimi sijaona mtu," akasema. Kufikia jioni hakuna mpangaji hata mmoja aliyekuwa ameona mtu.

Amri ya kwanza baada ya hapo ilikuwa nifumue mfuko. Nilifumua uzi baada ya uzi, nikaviunganisha vile vipande viwili kwa mshono wa bapa, uliolala chini usimkwaruze mtoto, na leso ikarudi urefu wake. Amri ya pili ilikuwa kimto changu cha sindano na pini zote zitoke nyumbani, zilale kwa Mama Violet. Kisha darasa likaanza upya. Dana alijifunga paketi ya unga kifuani huko nje, akitazama bomba, na alichofanya yeye, Mama Violet alinifanyia mimi ndani, mikono yake ikinuka iliki. "Mshono ukae kwa uti wa mgongo wa mtoto," sauti ikaja kutoka nje, "hapo ndiyo katikati, sasa hata kipofu atajua. Miguu ikunjwe kama ya chura. Zungusha nyuma, pishana, rudisha mbele chini ya matako yake. Vuta! Anavuta?" "Anavuta," akajibu Mama Violet, huku mimi nikikosa pumzi. "Vuta zaidi. Orwa akiinama, mtoto asining'inie. Fundo likae kwa ubavu wa orwa, si kwa mgongo wa mtoto. Uso upande mmoja, pua iko nje, leso ifike kwa sikio, isipande. Kidole kipite chini ya kidevu." "Kimepita." "Haya. Sasa ainamishe kichwa ambusu kwa utosi. Kama hafiki, mtoto ako chini sana, afungue aanze tena."

Nikambusu. "Amembusu?" akauliza Dana. "Aseme mwenyewe." Nikalazimika kupaza sauti kupitia pazia, "Nimembusu, Mama!" na wanawake waliokuwa wanafua bombani wakapiga vigelegele. Ikawa ndiyo desturi ya ploti. Kila nilipojifunga upya, yeyote aliyekuwa uwanjani aliuliza kama nimembusu, hata mwanafunzi wa chuo wa chumba cha mwisho, ambaye sikuwahi kumsikia akisalimia mtu. Nilijifunza kupiga magoti badala ya kuinama, na kukaa mbali na jiko. Nilijifunza kumsikiliza pia. Ndani ya leso ile, shavu lake kwenye ngozi yangu, niliijua sauti ya kulala, ya njaa na ya hasira. Sikumpulizia tena usoni.

Alhamisi nilivaa koti kubwa la mteja aliyechelewa kulichukua, nikalifunga juu ya leso nikabakiza kichwa cha Akoth, nikaenda kliniki kwa miguu. Kinyozi wa kona akanisimamisha. "Fundi! Hii Migosi umekula nini, umeota kitambi?" "Kitambi chenye macho," nikamjibu, nikafungua kifungo kimoja. Akaacha mteja amenyolewa upande mmoja, akaja kuona. Lakini nilipofika kwenye mizani mzaha ulikwisha. Nilimfungua Akoth, nikamweka, na yule sista akainama kuusoma mshale. Akasoma tena. Nilitaka kumwambia kama ameshuka aninong'oneze, asiseme kwa sauti. "Baba," akasema, "amepanda. Na ako na joto kama mkate." Nililia pale mbele ya akina mama wote, leso imening'inia shingoni, kifua wazi. Mmoja akanipa kitambaa, mwingine akaniomba nimwonyeshe mume wake jinsi ya kufunga.

Dana alikuwa amesimama langoni mwa ploti, amenigeuzia mgongo kwa heshima, paketi ya unga bado iko kifuani mwake. Alikuwa amekataa chai tangu nilipoondoka. "Mama," nikasema kwa mbali, "amepanda." Hakugeuka. Nilimwona mabega yakipanda na kushuka, kisha miguu ikaanza. Alicheza kutoka langoni mpaka kwenye bomba, unga ukiruka kifuani, akimwita Nyasaye, Mungu wake, akiita kila mpangaji kwa jina la mtoto wake. Jioni akaifungua paketi ile ile akasonga ugali wake, akakaanga ngege wawili wakubwa walionunuliwa ziwani, na tukala, yeye upande wa Mama Violet, sisi upande wetu, tukizungumza kupitia ukuta. "Orwa ameshiba?" "Nimeshiba, Mama." "Na mwenye kupanda?" "Ananyonya." "Basi na mimi nimeshiba," akasema, na nikamsikia akiomba kipande kingine cha samaki.

Kikohozi kilipoisha alipewa mjukuu wake kihalali, nje, kwenye stuli, akakaa naye mpaka Risper akauliza kama atarudishiwa. Kidonda nacho kikapona, na ikawa zamu yangu kunyang'anywa. Sikupenda, na sikuficha. Akoth alipokaza shingo tulimhamishia mgongoni, na hapo nikaweza kushona naye. Nikikanyaga cherehani analala, nikisimama anaamka, kwa hiyo mwaka ule nilishona kazi nyingi kuliko mwaka mwingine wowote. Wateja walikuja kumwona mwanamume aliyebeba mtoto, wakaona aibu kuondoka bila kuacha suruali ya kupunguzwa. Wapo walionicheka, hasa wanaume. Niliwaacha wacheke, maana wao walikuwa na mikono mitupu. Alipoanza kutembea tulimpeleka Katito kusalimia, na Dana akaifungua leso mgongoni mwa Risper, akaikunja. "Huyu ameshuka chini," akasema. "Leso irudi kwa mwenyewe." Sikuiona tena mpaka siku ya sanduku.

Mwezi uliopita Akoth alijifungua, hapa hapa Kisumu, mvulana, si mdogo kama alivyokuwa yeye lakini mdogo wa kutosha kumtia mtu hofu. Mumewe, Felix, kijana wa kompyuta mwenye miwani, ndiye aliyeomba afundishwe. Tukaenda na leso ile ya sandukuni. Risper sasa ndiye mama mkwe, na ingawa siku hizi wengi wamelegeza, yeye ameshikilia. Alikataa kupita mlango, akaomba kiti cha plastiki akaketi nje, mgongo kwenye pazia. Mimi nilijipa ruhusa, nikasema nimekuja kama fundi, nikaweka nyuzi zangu mezani kuwa ushahidi. Felix akavua shati, nikamfunga. Mshono kwenye uti wa mgongo, miguu ya chura, fundo ubavuni, huku Risper akitupigia kelele kutoka nje kana kwamba sisi ni viziwi. "Amembusu?" "Nimembusu, Mama!" akajibu Felix kwa haya. Mtoto akajinyoosha, akaguna, akapiga mwayo. Halafu akatulia kabisa.

"Mbona mtoto amenyamaza?" Felix akafungua mdomo ajibu, lakini pazia lilikuwa limeshafunguka. Risper alikuwa katikati ya nyumba ya mkwe wake, amefunika mdomo kwa kanga, kidole kimeshafika chini ya kidevu cha mjukuu wake. Kidevu kilikuwa juu. Pua ilikuwa nje. Ukisikiliza vizuri, ile sauti ndogo ilikuwepo. Akasimama akiisikiliza, akalia bila kelele, na Akoth naye akalia, na mimi sikupangusa miwani safari hii. Felix alikuwa anatazama sakafu, hajui aangalie wapi. Risper akarudi nyuma taratibu mpaka pazia likamfunika, na tukasikia kiti kikilia alipokaa.

"Mimi sijaingia," akasema.

Felix akanitazama mimi. Nikaanza kukusanya nyuzi zangu mezani.

"Hata mimi sijaona mtu," nikamwambia.